Chujio la Mchanga Linapoziba: Jinsi ya Kuliokoa Tangi la Samaki

Tangi la kioo lenye samaki ni chombo chenye manufaa makubwa katika ufundishaji wa biolojia. Ndani yake mwanafunzi huona kwa macho yake mwenyewe upumuaji, ulaji, uzazi na uhusiano wa viumbe na mazingira yao. Lakini mwenye tangi, awe shuleni au nyumbani, hufikiwa mapema au baadaye na siku ambapo maji yatokayo katika chujio la mchanga hupungua, huwa matone, kisha hukoma. Mara nyingi hatua inayochukuliwa ni moja: mchanga wote hutolewa, huoshwa bombani mpaka ukang'aa, pengine hata huchemshwa au hutiwa sabuni, kisha hurudishwa. Maji hupita vizuri, tangi hupendeza, na mwenye samaki huridhika. Baada ya siku chache samaki huanza kufa mmoja baada ya mwingine.

Vifo hivyo si bahati mbaya, wala si lazima vitokane na ugonjwa. Sababu yake ni kwamba aliyesafisha chujio aliondoa uchafu pamoja na viumbe waliokuwa wakiyafanya maji yale yafae kwa uhai. Katika makala haya tunakusudia kueleza chujio la mchanga hufanya kazi gani, kwa nini huziba, jinsi ya kutambua mahali hasa palipoziba, na jinsi ya kulisafisha bila kuua kilicho hai ndani yake.

KAZI MBILI ZA MCHANGA

Tuchukue chujio la aina rahisi ambalo shule yoyote yaweza kuliunda. Ni ndoo au sanduku lenye tundu karibu na kitako chake. Chini kabisa pana tabaka la kokoto, na juu yake tabaka la mchanga lenye unene wa sentimita 20 hivi. Pampu ndogo huyainua maji ya tangi na kuyamwaga juu ya mchanga. Maji hushuka kwa uzito wake yenyewe kupitia mchanga na kokoto, hutoka tunduni, na kwa njia ya mpira hurudi tangini.

Kazi ya kwanza ya mchanga huonekana kwa macho: kuzuia mabaki ya chakula, kinyesi cha samaki na vipande vya mimea. Kazi ya pili haionekani, nayo ndiyo kubwa zaidi. Samaki hutoa amonia, hasa kwa njia ya matamvua yake. Amonia ni sumu. Juu ya kila chembe ya mchanga huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi.

Ukweli huu ulianza kudhihirika nchini Ufaransa mwaka 1877. Wanasayansi wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu yenye amonia katika bomba refu lililojazwa mchanga na chokaa. Kwa muda wa siku 20 hivi amonia ilitoka kama ilivyoingia. Kisha nitrati ikaanza kuonekana, na amonia ikatoweka. Kama mabadiliko hayo yangeletwa na mchanga peke yake, yangeanza siku ya kwanza. Walipoingiza mvuke wa klorofomu, dawa inayolevya na kuua viumbe, kazi yote ilisimama. Hivyo wakaamua kwamba kazi ile hufanywa na viumbe hai. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, mwanasayansi Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Zurich, alifaulu kuwatenga bakteria hao, akaonyesha kwamba kazi hufanywa kwa hatua mbili na bakteria wa aina mbili. Hata hivyo elimu haikuishia hapo. Mwaka 2015 ilibainika kwamba baadhi ya bakteria wa jamii ya Nitrospira huweza kutimiza hatua zote mbili peke yao. Na mojawapo ya sampuli zilizofichua jambo hilo ilitoka katika chujio la mfumo wa kufugia samaki.

Yafaa msomaji azikumbuke siku zile 20 za Schloesing na Müntz. Bakteria hawa huongezeka polepole sana. Bakteria wengi wa kawaida, wakiwa katika hali njema, huweza kujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Hawa wa amonia huhitaji saa nyingi, na mara nyingi siku nzima au zaidi. Kwa sababu hiyo chujio jipya huchukua majuma kadhaa kukomaa, na chujio lililochemshwa au kutiwa sabuni hurudi kuwa chujio jipya.

KWA NINI MCHANGA HUZIBA

Msingi wa jambo hili uliwekwa na mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeshughulikia maji ya mji wa Dijon. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1856 alionyesha kwamba wingi wa maji yanayopita katika mchanga kwa kila sekunde huongezeka kwa kadiri eneo la mchanga linavyoongezeka, na kwa kadiri tofauti ya kimo cha maji kati ya juu na chini inavyoongezeka. Nao hupungua kwa kadiri tabaka la mchanga linavyokuwa nene. Kisha kuna jambo la nne, nalo ni tabia ya mchanga wenyewe.

Mwaka 1892 Mmarekani Allen Hazen, aliyefanya majaribio ya kuchuja maji katika jimbo la Massachusetts, alieleza kwamba uwezo wa mchanga kupitisha maji hufuata mraba wa kipenyo cha chembe. Yaani chembe zikipungua kipenyo kwa nusu, maji yapitayo hupungua hadi robo. Zaidi ya hayo, alionyesha kwamba zinazotawala ni chembe ndogo, wala si kubwa. Mchanga uliochanganyika, wenye chembe za milimita 2 pamoja na vumbi laini, huwa na tabia ya lile vumbi, kwani chembe ndogo hujaza nafasi zilizo kati ya chembe kubwa.

Nafasi hizo ndizo njia za maji. Katika mchanga safi wenye chembe zinazolingana, karibu asilimia 40 ya ujazo wake ni nafasi tupu. Kwa kanuni iliyotolewa na Kozeny mwaka 1927 na kuendelezwa na Carman mwaka 1937, nafasi hiyo ikishuka kutoka asilimia 40 hadi 30, maji yapitayo hushuka chini ya theluthi moja ya yale ya kwanza. Ikishuka hadi asilimia 20, hubaki karibu sehemu moja tu kati ya kumi na nne. Ndiyo maana chujio huonekana likifanya kazi vizuri kwa majuma mengi, kisha huziba kwa ghafula. Kwa kweli halikuziba kwa ghafula. Uchafu uliongezeka kidogo kidogo, bali matokeo yake huongezeka kwa kasi kuliko uchafu wenyewe.

HATARI YA KUZIBA

Bakteria wa chujio hawawezi kufanya kazi bila oksijeni, nayo huletwa na maji yanayopita. Kila miligramu moja ya naitrojeni iliyo katika amonia huhitaji karibu miligramu 4.6 za oksijeni ili igeuke kuwa nitrati. Hebu tufanye hesabu. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kina cha 30 huchukua lita 54. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, karibu na usawa wa bahari, lita moja ya maji matamu yaliyoshiba hewa huwa na miligramu 8.3 hivi za oksijeni. Kwa hiyo tangi zima lina miligramu 450 hivi. Gramu moja ya chakula chenye protini asilimia 40 ina miligramu 64 za naitrojeni, kwa kuwa naitrojeni ni karibu asilimia 16 ya protini. Kama naitrojeni yote hiyo ingetoka kuwa amonia, kuigeuza kungehitaji miligramu 290 hivi za oksijeni, nayo ni zaidi ya nusu ya akiba yote ya tangi. Hapo hatujahesabu oksijeni wanayoivuta samaki wenyewe. Ni dhahiri kwamba uhai wa tangi hutegemea maji yasisimame.

Maji yakikoma kupita, bakteria hukosa hewa na amonia hubaki ndani ya maji. Ukali wa sumu yake hutegemea kipimo cha pH. Katika nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika hali iliyo sumu kali. Yenye pH 8 huwa na asilimia 5 hivi. Yenye pH 9 huwa na zaidi ya theluthi. Jambo hili lina maana ya pekee kwetu. Samaki wazuri wenye rangi wa Ziwa Tanganyika, wanaofugwa katika matangi ya nyumbani katika nchi nyingi za dunia, wamezoea maji yenye pH karibu 9. Anayewafuga hana budi kulichunga chujio lake kwa uangalifu kuliko afugaye perege katika maji ya pH 7.

Katika sehemu za chini za mchanga usiopitisha maji, bakteria wa aina nyingine, wasiohitaji oksijeni, hushika nafasi. Hawa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya mayai yaliyooza, nao mchanga hugeuka kuwa mweusi. Gesi hiyo pia ni sumu kali kwa samaki.

TAFUTA KASORO KABLA YA KUUGUSA MCHANGA

Fundi mwema hapasui ukuta kabla ya kujua bomba limevuja wapi. Vivyo hivyo hatuna budi kuuliza kwanza: kizuizi kiko wapi? Vifaa vinavyohitajika ni chupa ya lita moja, saa, na vipande viwili vya mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake. Mpira wa kwanza, uliofungwa kitambaa chepesi mdomoni ili mchanga usiingie, hufikishwa kwenye kokoto. Wa pili, uliofungwa vivyo hivyo, hufikishwa katikati ya mchanga. Ncha za juu huachwa wazi, zikiwa juu ya usawa wa maji ya ndoo. Ni vyema mipira hii iwekwe siku chujio linapoundwa. Kimo cha maji ndani ya kila mpira huonyesha msukumo wa maji uliobaki mahali pale ulipofika.

Hatua za uchunguzi ni hizi:

1. Pima muda unaohitajika kujaza chupa ya lita moja kwa maji yatokayo katika chujio, ulinganishe na muda ulioandikwa chujio lilipokuwa jipya.

2. Pima kwa chupa hiyo hiyo maji yanayotoka katika pampu kabla hayajafika kwenye mchanga. Yakiwa kidogo, mchanga hauna kosa. Safisha pampu, mpira wake na wavu wa mdomoni.

3. Pampu ikiwa nzima na maji yamepanda juu ya mchanga, tazama mipira miwili. Kama maji ndani ya yote miwili yako karibu sawa na yale yaliyo juu ya mchanga, mchanga unapitisha vema. Kilichoziba ni tundu la kutokea au mpira wake. Mara nyingi hukutwa konokono mdogo au donge la mwani.

4. Kama maji katika mipira yote miwili yako chini sana, kizuizi kiko nusu ya juu, na yamkini ni utando wa uchafu ulioshika uso wa mchanga. Kwaruza uso kwa kidole, kina cha sentimita 1 au 2. Maji yakishuka mara moja, umepata jibu.

5. Kama mpira wa katikati unaonyesha maji ya juu na ule wa chini unaonyesha maji ya chini, uchafu umezama katika nusu ya chini. Toa mchanga kidogo kutoka kina hicho, uutazame rangi na kuunusa.

6. Kama ukichokoa mchanga kwa kijiti mapovu mengi yasiyo na harufu yanapanda, huenda ni hewa iliyonaswa kati ya chembe. Hali hii hutokea tundu la kutokea linapokuwa chini kuliko uso wa mchanga na kuyavuta maji, au maji baridi yaliyoshiba hewa yanapopata joto. Dawa yake ni kuuinua mdomo wa mpira wa kutokea upite usawa wa uso wa mchanga.

7. Kama chembe zimeshikana kuwa mabonge magumu, tia tone la siki juu ya bonge. Likitoa povu, pana chokaa iliyoganda kutokana na maji magumu. Lakini uangalifu unahitajika: mchanga wa pwani wenye vipande vya makombe na matumbawe hutoa povu hata ukiwa mzima.

KUSAFISHA BILA KUUA

Kanuni kuu ni mbili. Kwanza, oshea mchanga maji yaliyotoka katika tangi lenyewe. Maji ya bomba ya mjini hutiwa klorini ili kuua viini vya maradhi, nayo haibagui kati ya viini hivyo na bakteria tunaowahitaji. Pili, usioshe mchanga wote siku moja.

Kwa utando wa juu, simamisha pampu, chota sentimita 2 za juu kwa kijiko, uzungushe mchanga huo katika ndoo yenye maji ya tangi, mwaga tope, urudishe mchanga. Kazi hii haichukui hata robo saa.

Kwa uchafu uliozama, toa nusu ya mchanga, uoshe kwa namna hiyo mara tatu, kisha uurudishe. Usingoje maji yawe meupe kabisa. Utando mwembamba wa kahawia unaobaki juu ya chembe si uchafu. Ndiyo makao ya bakteria. Nusu ya pili ioshwe baada ya majuma matatu au zaidi.

Kwa mchanga mweusi unaonuka, usiukoroge ndani ya chujio. Uondoe polepole, uoshee mbali na tangi, na maji yake yamwagwe bustanini. Mchanga ulioshikana kwa chokaa ubadilishwe sehemu kwa sehemu. Sabuni, dawa za kufulia na maji ya moto visitumike kamwe.

Katika juma linalofuata usafishaji, punguza chakula kwa nusu, na kila baada ya siku moja au mbili badilisha robo ya maji. Maji mapya ya bomba yakae usiku kucha katika ndoo iliyo wazi, yakikorogwa mara kwa mara, ili klorini itoke. Mahali ambapo maji hutiwa kloramini njia hii haitoshi, na dawa ya kuiondoa yahitajika. Samaki wakionekana wakihema juu ya maji, badilisha maji mara moja.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu, maji yaliyosimama ndani ya mchanga huishiwa oksijeni. Ni heri kuushusha mpira wa kutokea na kuyamwaga maji ya chujio, mchanga ukabaki na unyevu tu, kwani hewa itaingia kati ya chembe na bakteria watasalimika. Ikiwa maji yaliachwa ndani, yale ya kwanza yatokayo umeme unaporudi yamwagwe nje, yasiingie tangini.

KINGA

Mchanga wa mto ulio mgumu, wenye chembe za milimita 1 hadi 2, hufaa. Uchekeche kwa wavu wa waya wa kuzuia mbu, uchukue chembe zinazobaki juu yake, kisha utenge zile zilizo kubwa mno. Tia kiasi kidogo katika chupa ya maji, utikise. Kama maji hubaki na tope kwa muda mrefu, mchanga una udongo wa mfinyanzi na lazima uoshwe tena. Wakati huu, kabla bakteria hawajaingia, waweza kuuosha bombani upendavyo. Kipande cha sifongo mahali maji yanapoingilia kitazuia takataka kubwa, na ni rahisi kukisafisha kila juma. Zaidi ya yote, samaki wasipewe chakula wasichoweza kukimaliza kwa dakika chache.

JARIBIO KWA DARASA

Kata vitako vya chupa tatu za plastiki zinazolingana, uzigeuze midomo chini, na ufunge kila mdomo kwa kitambaa cha aina moja. Tia katika ya kwanza mchanga wenye chembe kubwa, ya pili wenye chembe ndogo, na ya tatu mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kwa unene ulio sawa. Wanafunzi wadumishe maji katika kimo kimoja juu ya mchanga, wapime muda wa kupita lita moja, na kuandika matokeo. Kabla ya kupima chupa ya tatu, kila mwanafunzi aandike matokeo anayoyatazamia. Wengi watatarajia jibu lililo katikati. Chupa ya tatu itawaonyesha kwamba nguvu iko kwa chembe ndogo. Kisha watie kijiko kimoja cha tope laini katika chupa ya kwanza, wapime tena, wakwaruze uso wa mchanga, na wapime mara ya tatu. Mwanafunzi akiweza kueleza tofauti za vipimo hivyo vitatu, basi siku chujio la shule litakapoziba atajua aanzie wapi, na samaki watakuwa salama mikononi mwake.